Barua ya Posa, Miaka Kumi na Saba Baadaye

Paskazia wa Kiseke alikuwa na watoto wanne na Ngosha, na miaka kumi na saba chini ya bati moja. Lakini Ngosha huyo! Kumtaja yule mwanamke alikuwa na maneno kuliko redio: mama Hellen, mwenzangu, bibie, jiko langu. Neno mke tu ndilo lilimshinda. Ukimgusia ndoa, anasema mwakani.

Mwaka tisini na sita Ngosha akapunguzwa kazini kwenye shirika la umma, pamoja na mimi Venant. Nikatoka na taipureta yangu kuukuu, nikakaa nayo nje ya geti la kiwanda kipya cha minofu ya sangara, nawajazia watu fomu za ajira. Siku moja wakaja wote wawili. Paskazia kapata kazi ya kukata minofu, Ngosha kambebea mkoba. Kiwanda kilimtibia mfanyakazi, watoto na mume, na goti la Ngosha lilikuwa bovu, basi alikuwa na haraka kuliko mwenye ajira.

"Hali ya ndoa?" nikauliza.

"Sijaolewa," akasema Paskazia.

Ngosha akaruka, goti kalisahau. "We mama Hellen! Na mimi hapa ni nani?"

"Nitajuaje? Kwa baba hujapeleka hata barua ya posa. Kila mdogo wangu akiolewa najificha jikoni nakata vitunguu, mashangazi wasinione. Imeniuma, Ngosha. Imeniuma sana."

Mimi na mdomo wangu nikadakia, "Fomu haina nafasi ya kuandika 'mwenzangu', kaka."

Hakucheka. Akakaa kwenye ndoo yangu ya kukalia wateja, mkoba mapajani. Halafu akasema, "Venant, weka karatasi nyingine. Niandikie posa."

Jamani! Mtu na mvi zake anaposa mama wa watoto wake! Akawa anasema, nagonga, jasho linamtoka: anamwomba mzee Shigela amwoze binti yake Paskazia, ili awe... Hapo akakwama. Nikasubiri, kidole hewani.

"Mke wangu," akasema.

Nikashika barua niitoe kwenye taipureta. Paskazia akanizuia mkono.

"Fomu iende hivyohivyo, goti litasubiri jibu la baba," akasema. "Ila hiyo barua ianze upya, uweke kaboni. Nakala moja inabaki kwangu."