Gari la Barafu

Kipi huharibika upesi zaidi: kipande cha kondo la nyuma, au mwanamke aliyelibeba? Jibu kwanza, kisha usome.

Ejore aliajiriwa na watu wa utafiti kuendesha gari la barafu kati ya Kakuma na Lodwar. Shule aliachia darasa la saba, lakini kazi yenyewe aliielewa. Mishipa inayolilisha kondo ikisinyaa, damu haipiti vizuri, vimeng'enya vyake huvurugika, na mama hupanda presha, huvimba, mwisho hushikwa na kifafa cha mimba. Wataalamu walitaka kujua kwa nini. Basi kondo likitoka, sharti liwe kwenye barafu ndani ya nusu saa, kabla vimeng'enya havijaharibika, na Ejore awe barabarani.

Abiria marufuku. Dau, dereva aliyemtangulia, alifutwa kazi kwa kumbeba mgonjwa.

Jumanne, dada yake Akoru, mimba ya miezi minane, aliingia zahanati uso umevimba. Nesi Chepkirui akapima presha, akapima tena.

"Huyu anataka upasuaji Lodwar. Na ambulensi yetu imeharibika, iko juu ya mawe. Ejore, gari yako si iko hapo?"

Ejore akampigia msimamizi wake, Gitau.

"Bosi, ni dada yangu wa tumbo moja."

"Pole sana. Lakini hiyo gari ni ya sampuli, bima haigusi mgonjwa. Nimeita ambulensi ya Lodwar. Ngoja."

Akoru alikuwa amesikia. "Niweke kwa barafu basi," akamtania, macho yakiona ukungu. "Useme mimi ni sampuli."

Akacheka peke yake. Ejore alimkumbuka Dau, akangoja.

Kifafa kilimshika saa nane mchana, kikamrudia mara mbili. Mtoto alitoka akilia, Akoru hakumsikia. Alikuwa ameshakata roho, na ambulensi bado haijaonekana.

Simu ikalia. Ni Gitau.

"Ejore, dada yako aliweka kidole kwenye fomu ya kutupa kondo lake. Ondoka sasa hivi, vimeng'enya havingoji!"

Na Ejore, mtu mtiifu, akaondoka. Kasha lenye kondo la Akoru lilifungwa mkanda kiti cha mbele. Kiti kizima cha nyuma kilikuwa kitupu mpaka Lodwar.

Asubuhi yake alirudi nyumbani. Alimkuta mama yao, Awoi, amepiga magoti kando ya shimo alilolichimba jana ili azike kondo la mjukuu, kama alivyolizika la Akoru, na la Ejore mwenyewe. Alikuwa akisukuma mchanga kwa mikono miwili, akilifukia likiwa tupu.