Miiba ya Barabara ya Musoma

Mchora ramani wa ofisi yetu alibandika ukutani ramani ya barabara ya Musoma, na kila ajali iliyoripotiwa aliichomekea pini. Pini zilipoadimika madukani akatumia miiba, akiisukuma kwa kidole gumba chenye sugu. Mara nyingi mkono uliishia palepale, mbele kidogo ya Igoma, ambapo kijiji kilihamishiwa kando ya barabara na kisima kikabaki ng'ambo. Hapo alivuta pumzi ndefu puani, kama mtu aliyechoka kurudia somo moja.

“Tuwaite madereva kwenye semina,” alisema mwenyekiti wa kamati ya usalama barabarani.

“Tulishawaita, ndugu,” mchora ramani alijibu. “Wanaogongwa wamebeba ndoo. Wachimbiwe kisima upande wa nyumba zao.”

“Visima viko idara ya maji, ndugu yangu. Sisi ni barabara. Na hiyo miiba ing'oe, kesho tuna wageni.”

Aliing'oa mmoja mmoja, akiipanga kiganjani. Wageni walipofika ramani ilikuwa safi, ila pale mbele ya Igoma karatasi ilikuwa imetoboka kabisa, ukuta unaonekana. Mwenyekiti akalifunika tundu lile kwa mgongo wake, akaanza kuwakaribisha.