Jirani Aliyempa Binti Yangu Bia

Mwanzoni mwa miaka ya sabini tulikaa Ngara, ghorofani, juu ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Mlango uliotazamana na wetu ulikuwa wa mwanamke aliyepiga taipu katika ofisi moja ya mjini. Hakuwa na mume wala mtoto. Alikuwa na gramafoni, viatu vya visigino virefu, na binti yangu.

Nasema hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mitano. Akitoka shule alinisalimu nikiwa kwenye cherehani, akaweka vitabu, akavuka kwenda kwa "Anti". Kicheko chake kilinifikia kupitia milango miwili. Kwangu hakucheka hivyo. Nikimwuliza habari za shule alisema, "Nzuri," basi. Hata nywele, nilizomsuka tangu utotoni, sasa zilisukwa kule. Mume wangu, fundi seremala, aliniambia kupendwa kwa mtoto si hasara. Yeye hakuwa ameachwa na mtu.

Jumapili moja baada ya ibada, wazazi tuliombwa tubaki. Alikuja afisa wa ustawi wa jamii, mama mnene mwenye sauti ya upole, kuzungumza juu ya watoto na pombe. Mzee mmoja akacheka.

"Mama, sisi kwetu tulionjeshwa busaa tukiwa wadogo, na bado tuko hapa."

"Na wale ambao hawako hapa, baba?"

Yule mama akaeleza kwamba mwili wa mtoto hauhimili pombe, kwamba mtoto akilewa huanguka, hugongwa na gari, au huchukuliwa na mtu asiyemjua. Kisha akaja kwenye sheria.

"Anayemuuzia pombe mtu ambaye hajatimiza miaka kumi na minane anavunja sheria. Na wewe mtu mzima unayempa kwa mapenzi, akiumia, unaweza kujikuta mbele ya hakimu. Mzazi naye ataulizwa alikuwa wapi. Kwa hiyo msisubiri ayumbe. Mtoto akirudi kila jioni anatafuna peremende, mwulizeni anaficha harufu gani."

Binti yangu alirudi kutoka kwa Anti na peremende mdomoni karibu kila siku. Niliogopa, lakini katikati ya hofu kulikuwa na furaha kidogo: sasa nilikuwa na neno la kumwambia yule mwanamke.

Nilibisha mlango wake nikiwa bado na nguo za kanisani. Binti yangu alikuwa amekaa chini, kati ya magoti ya jirani, nywele zimesukwa nusu.

"Unampa mtoto wangu pombe?"

Jirani hakukana. "Bia kidogo, dada, nimechanganya na soda. Afadhali aonje hapa kuliko vichochoroni."

Nikamweleza yote niliyosikia, hakimu na kila kitu. Alinisikiliza, kisha akauliza polepole, "Ni sheria iliyokuleta, au ni wivu?"

"Vyote viwili," nikasema. "Mtoto, inuka twende."

Aliinuka, lakini kwa majuma mawili hakusema nami. Jumamosi moja baada ya hapo alituambia anakwenda kusoma kwa mwenzake. Kumbe alikwenda na Anti kwenye karamu Muthangari, kwa wafanyakazi wenzake wa ofisini. Huko alikunywa bila kuchanganyiwa na soda, akaanguka kwenye ngazi za baraza, akavunjika mkono.

Niliwakuta hospitalini. Jirani alikuwa peku, viatu mkononi, gauni limejaa matapishi ya mwanangu. Daktari aliita polisi. Askari alipouliza ni nani aliyempa mtoto kinywaji, watu wa karamu wote walikuwa wameshaondoka. Jirani angeweza kusema hajui.

"Ni mimi," akasema.

Binti yangu akalia, "Anti, usiseme!" Mimi nilikuwa nimemshika mkono ule mzima, lakini hakunitazama.

Jirani alifikishwa mahakamani, akatozwa faini na kukemewa mbele ya watu. Mimi na mume wangu tuliulizwa maswali ambayo yule mama wa kanisani alisema tutaulizwa, na hatukuwa na majibu mazuri. Baadaye jirani alihamia Uthiru. Alikuja kuniomba radhi kabla ya kuondoka, nami nikampa, kwa mdomo kwanza, kwa moyo baadaye sana.

Msichana hakunywa tena, kwa ninavyojua. Polepole alianza kukaa karibu na cherehani na kuzungumza, ingawa likizo zilipofika aliomba ruhusa ya kwenda Uthiru, nami niliruhusu nikiwa nimeuma meno. Alipoolewa, alitaka Anti akae benchi la mbele, pamoja nasi.

Alikuja na kofia nzuri kuliko yangu. Nikasogea ili apate nafasi. Nilisogea kidogo tu.