Bi Vernell na viti vitupu vya mtaa wa Ndimu

Saa kumi na moja jioni mvua ya Septemba inapiga juu ya paa jeupe la uwanja, na Bi Vernell Gaskin anashuka ngazi taratibu, akishikilia chuma cha pembeni kwa mkono mmoja na kitambaa kwa mkono mwingine. Bado hakuna mtu katika sehemu yake. Hata hivyo anafuta viti, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayetandika vitanda vya wageni asiojua kama watafika.

Humu ndani hakuna jua wala giza. Paa ni la kitambaa kinene, na mwanga unaopenya ni mweupe, laini, kama maziwa yaliyozidi maji. Kila sauti hupanda juu, ikazungukazunguka huko, kisha ikarudi imechelewa. Mchezaji mmoja anafanya mazoezi ya kupiga mpira. Mlio wa gongo unafika kwanza, mwangwi wake baadaye, utadhani kuna timu nyingine inacheza nyuma ya ukuta.

"Ukikaa humu sana unasahau kwamba nje kuna mji," anasema Bi Vernell. "Mimi sijawahi kusahau. Lakini wanaosahau nawaelewa."

Ana umri wa miaka 71. Ni mwelekezaji wa watazamaji katika uwanja wa Wari, timu ya besiboli yenye jina la ndege mwari, ya hapa Port Lavelle, pwani ya magharibi ya Florida. Hutazama tiketi, huwaonyesha watu viti vyao na kuvifuta, hukataza watoto kukimbia ngazini, na mchezo ukiisha huwaamsha wazee waliolala. Hulipwa dola kumi na tano kwa saa, nyongeza ya pensheni ndogo ya jiko la shule alikopika tangu ujana wake.

Shida ni watu wa kuelekezwa. Uwanja unachukua watazamaji elfu arobaini. Jumanne kama ya leo, wakija elfu saba, wafanyakazi wa getini hupeana mikono. Viti vya juu kabisa vimefunikwa maturubai ya bluu ili televisheni isivionyeshe, na shomoro walioingia wakakosa njia ya kutoka wamejenga viota chini yake.

Sababu ya utupu huo kila mtu mjini anaijua, na kila mtu ana yake. Wenye timu wanasema uwanja umekaa mahali pabaya: wapenzi wengi wa besiboli wanaishi ng'ambo ya ghuba, upande wa Marlow, na jioni daraja hufurika magari hata mtu akafika mchezo umeshafika katikati. Watu wa Marlow wanasema wangekuja kama kungekuwa na treni. Nao wastaafu waliohamia hapa kukimbia baridi ya kaskazini walikuja na timu zao moyoni. Wakicheza wageni kutoka New York au Boston uwanja hujaa pomoni, ila hujaa watu wanaowazomea Wari nyumbani kwao.

Mwezi Machi wenye timu walitangaza kwamba wamechoka. Msimu huu ukiisha, Wari watavuka daraja na kuhamia uwanja mpya Marlow. Huu wa Port Lavelle utabomolewa.

Siku ile wafanyakazi wengi waliliwazia tumbo. Bi Vernell anasema yeye aliwaza ardhi. Uwanja umesimama juu ya mtaa alikozaliwa.

Mtaa wenyewe uliitwa Ndimu. Ulikuwa mtaa wa watu weusi, wenye makanisa mawili, kinyozi mmoja na nyumba za mbao zilizobanana hata jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Baba yake alifungasha machungwa ghalani. Mama yake, marehemu Bi Idella, alinyoosha nywele za wanawake wa mtaa mzima kwa kitana cha moto, jikoni kwake, huku samaki wa moshi wakiwa wamening'inia uani.

"Jumamosi nyumba ilinuka nywele na samaki," anasema. "Wateja walikuja kutengenezwa kichwa wakaondoka wameshiba."

Kisha wakuu wa mji wa wakati ule wakaja na ramani. Walisema nyumba zimechakaa, zitavunjwa, zijengwe mpya, na kila aliyeondoka atarudi. Familia zikahama moja moja. Nyumba mpya hazikujengwa. Uwanja ndio ulioota, mkubwa kama mlima, tena kabla mji haujapata timu ya kuutumia. Kwa miaka kadhaa ulikaa mtupu kabisa, ukiwaka taa.

Wa mwisho kuondoka katika barabara yao alikuwa kaka yake, Hosea. Siku mashine ilipofika alikuwa amekaa barazani, hataki kuinuka. Askari walimwomba, mchungaji akamwomba. Aliinuka tu mama yake alipokuja kumshika mkono. Hosea aliapa siku ile kwamba mguu wake hautaingia katika chochote kitakachojengwa pale.

Kwa hiyo timu ilipopatikana hatimaye, na Vernell akaenda kuomba kazi ya jioni, nyumbani palichafuka. Kaka yake alikaa bila kusema naye tangu Krismasi hadi Pasaka. Alipofungua mdomo, alifungua kwa hili:

"Unawafutia watu viti juu ya kitanda cha mama."

Bi Vernell anakumbuka alivyojibu. "Nilimwambia, kitanda hakipo, kaka. Lakini kama kuna mtu atakayewakaribisha watu pale, basi awe wa kwetu."

Siku yake ya kwanza kazini aliutafuta mtaa humo ndani. Hapakuwa na mti, kisima wala kona. Alichokipata ni bomba la moshi la kiwanda cha zamani cha barafu, ambalo bado limesimama nje na huonekana ukiwa kwenye njia ya kupandia. Bomba lile lilikuwa likionekana dirishani kwao. Akapiga hesabu za macho, akarudi nyuma kidogo, akaenda kushoto, akasimama penye ngazi za sehemu aliyonayo hadi leo. Aliomba apangiwe pale, wakampa, kwa sababu hakuna mwingine aliyepataka. Ni mbali na mchezo.

"Siwezi kuapa," anasema. "Labda ni jikoni kwetu. Labda ni kwa jirani yetu Bi Toomer, na yeye alikuwa hapendi mtu asimame uani kwake."

Miaka ikapita hivyo. Yeye ndani, kaka yake nje. Hosea, aliyekuwa fundi wa mabomba ya maji wa mji, alikuwa radhi kuzunguka mitaa mitatu kuliko kupita mbele ya geti. Walikula pamoja kila Jumapili, wakazungumza kila kitu isipokuwa besiboli.

Hosea sasa ana miaka 76, na presha ya macho imemwibia sehemu kubwa ya kuona. Anatambua mwanga, anatambua umbo la mtu, basi. Tangazo la Machi lilipotoka, dada yake alianza kumbembeleza. Alimwambia akae pale mara moja tu kabla hapajavunjwa, maana yeye ndiye aliyekuwa wa mwisho kukaa. Hosea akasema hapana. Aliendelea kusema hapana hadi Juni, na dada yake akaacha kumuuliza.

Halafu jioni moja ya Julai, mvua ikinyesha kama hii, Bi Vernell aliinua macho akaona mtu amesimama juu ya ngazi, amevaa suti ya kanisani na kofia. Alikuja kwa teksi. Tiketi alijinunulia mwenyewe, dirishani, kama mtu mwingine yeyote.

"Nilitaka kumkimbilia," anasema. "Nikajiambia, Vernell, uko kazini. Fanya kazi yako."

Akapanda hadi alipo, akamwomba tiketi. Hosea akaitoa. Akamshika kiwiko, wakashuka pamoja, akamfutia kiti.

"Hapa ndipo?" Hosea akauliza.

"Karibu na hapa."

"Jikoni au barazani?"

"Siwezi kuapa, kaka."

"Mama angetaka iwe jikoni," akasema, akaketi.

Uso aliuelekeza juu, kwenye weupe ule ambao kwake ulikuwa ndio uwanja mzima. Mvua ilikuwa ikitembea juu ya paa, inakuja, inakwenda. Mahali fulani mchuuzi alinadi karanga za kuchemsha, na sauti yake ikarudi mara mbili. Hatimaye Hosea akauliza mbona pamepoa hivi, mchezo haujaanza? Dada yake akamwambia umeanza kitambo. Watu tu hawaji.

Hosea akageuka kama anayetaka kuhakikisha. Kisha akaanza kucheka, polepole, mabega yakitikisika, mpaka akavua kofia.

"Nell," akasema, "walituondoa sisi tuliokuwa tumejaa, wakaleta viti."

Bi Vernell naye akacheka. Anasema alicheka hadi akalia, na mtazamaji wa safu ya mbele, mzee mmoja mpole kutoka Ohio, akageuka kuuliza kama Wari wamefunga. Hawakuwa wamefunga.

Katikati ya mchezo Hosea alipitiwa na usingizi. Alilala mdomo wazi, mikono juu ya mapaja, na kwa sababu mashine za ubaridi humu ndani hazina huruma, dada yake alimfunika koti lake la kazi, lenye picha ya mwari kifuani. Kanuni zinasema mwelekezaji asivue koti. Msimamizi wake alipita, akaona, akaendelea na safari zake.

Alipoamka aliuliza nani alikuwa anaimba. Dada yake akamjibu ni kinanda cha uwanja.

"Hapana," Hosea akasema. "Kabla ya kinanda."

Bi Vernell hakumuuliza zaidi. Anasema hadi leo hajamuuliza.

Tangu jioni ile Hosea amekuja karibu kila Jumanne. Haoni mpira, ila ana redio ndogo sikioni, na amekuwa mtazamaji msumbufu kuliko wote wa sehemu ile. Leo mrushaji wa Wari anapokosea mara ya tatu, anasema kwa sauti inayosikika safu kumi: "Huyu anarusha mpira au anawatupia kuku mtama?" Mzee wa Ohio anacheka hadi anamwaga soda. Wari wanafungwa. Mvua inaendelea.

Agosti msimamizi alimwita Bi Vernell na kumwambia kuna nafasi yake Marlow, katika uwanja mpya, sehemu ya mbele kabisa, mshahara mzuri zaidi. Alimpa wiki mbili afikirie. Alipomweleza kaka yake, alitarajia atamkataza. Hosea akamshangaza.

"Nenda," alimwambia. "Kazi unaipenda. Usibaki kwa ajili yangu, mimi sijui hata kupika yai."

Alifikiria kweli. Anaipenda kazi hii: kelele za watoto, majina ya watu wa kila siku, lile guno la uwanja mzima mpira unapopaa na hakuna ajuaye utaangukia wapi. Siku ya mwisho alirudi kwa msimamizi akashukuru, akakataa.

"Nilidhani naifuata timu," anasema. "Kumbe timu ndiyo iliyonikuta pale."

Jumapili, baada ya ibada, anampokea mwandishi wa makala haya katika nyumba ndogo ya kupanga upande wa kusini wa mji. Sukuma wiki zinachemka taratibu pamoja na mfupa wa nguruwe. Hosea yuko mezani na redio yake.

Bi Vernell anaeleza mkutano wa Juni katika ukumbi wa kanisa, ambapo ofisa wa mji alileta michoro ya mtaa mpya: nyumba, maduka, bustani, na bango kubwa lenye jina la Ndimu. Familia za zamani zitapewa kipaumbele, alisema ofisa. Bi Vernell alisimama akauliza kama bango lina jiko. Watu walicheka, ofisa pia, kisha akasema ukweli: yeye hawezi kuahidi nyumba. Baraza la madiwani ndilo litakaloamua kwa kura Januari.

"Nilimheshimu kwa hilo," anasema Bi Vernell. "Wale wa kwanza walituahidi bila kumeza mate."

Kila Alhamisi sasa anakwenda kwa madiwani, mmoja mmoja, akiwa na wenzake sita wa Ndimu waliobaki hai mjini. Hawabebi mabango. Wanaketi, wanaongea, wanaulizia watoto wa diwani. Wawili wamekubali. Mmoja amekataa kabisa. Waliosalia wanasema watafikiria, na Bi Vernell anasema mtu anayefikiria ni wa kurudiwa.

Na Wari je? Atawasikiliza redioni, anasema, na anawaombea watu tele huko ng'ambo, kwa sababu hakuna kazi ngumu kama kucheza mbele ya viti. Na wasipowapata?

"Basi watajua shida haikuwa daraja."

Anainuka kukoroga chungu. Kama kura itapita, na kama nyumba zitasimama kabla Mungu hajawaita, yeye na kaka yake wataomba moja, wakae wote wawili. Yeye anataka jiko lenye dirisha kubwa. Hosea anataka ghorofa ya chini, na dada yake alidhani ni kwa ajili ya macho na ngazi.

"Ngazi nazipanda vizuri tu," anasema Hosea. "Nataka mlango unaofungukia barabarani. Niweke kiti pale. Mtu akipita nimuulize ni mtoto wa nani na anakwenda wapi, na asinijibu kwa haraka."

"Atawachosha watu," anasema Bi Vernell, mgongo ameugeuzia meza. "Nami nitakuwa ndani napika, namsikia."