Namba 217 ya Shemeji Verlin

Katika mji wetu wa Brannock, Ohio, hakuna mtu anayezijua kadi za besiboli kumshinda shemeji yangu Verlin Dombek, ukiniondoa mimi. Nasema ukiniondoa mimi kwa sababu yeye ana kumbukumbu tu, mimi nina jicho. Akiyasoma haya atakataa, na akatae. Shule niliiacha katikati ya darasa la kumi, lakini kile kidogo nilichosoma nilikisoma vizuri kuliko wengi waliomaliza, kwa hiyo nisikilizeni.

Verlin alimwoa dada yangu Noreen, mwanamke ambaye angeweza kumpata mtu mwenye boti. Miaka thelathini na nane alifanya kazi kwenye kiwanda cha mashine za kufulia, akikagua namba za vipuri. Kipuri kinapita, anasoma namba, anapiga muhuri. Alipostaafu walimpa saa ya ukutani, naye akaigeuza kwanza asome namba iliyopigwa nyuma.

Kadi alianza kukusanya akiwa na miaka tisa. Kila mwaka anakamilisha seti nzima, tangu namba moja hadi ya mwisho, na kila seti ina albamu yake yenye kurasa za plastiki, mifuko tisa kila ukurasa. Sheria yake ni moja: kadi itoke kwenye pakiti aliyoifungua kwa mkono wake, au aipate kwa kubadilishana. Hanunui kadi moja moja, wala hapokei zawadi.

Mwaka huu sheria hiyo ilimkaba koo. Kwenye seti mpya ya kadi mia tatu na thelathini, namba 217 ni Garrett Dombek, mrushaji. Ndiyo, Dombek huyo huyo, mwanawe wa pekee, mpwa wangu. Mwaka jana Garrett alipandishwa ligi kuu, akacheza mechi tisa, kisha kiwiko kikamsaliti. Hatarudi tena. Ile ndiyo kadi yake ya kwanza na ya mwisho duniani. Na Jumapili, Siku ya Akina Baba, alikuwa anakuja kula chakula cha mchana. Verlin alitaka Garrett akifika aikute albamu iko wazi mezani na yeye mwenyewe amekaa kwenye mfuko wake, ametoka kwenye pakiti kihalali kama wachezaji wengine wote.

Jumamosi asubuhi alikuwa ameshamaliza maboksi matatu bila kumpata. Akaleta la nne, akaniita.

"Umenawa?" akaniuliza hata kabla sijaketi.

"Shemeji, mimi sigusi kitu. Nimekuja na kalamu."

"Nawa hivyo hivyo. Na hiyo kahawa weka kule, juu ya friji."

"Juu ya friji nitainywaje?"

"Utasimama."

Basi nikakaa na orodha yangu ya namba, kazi yangu kutia alama. Verlin anavyofungua boksi hafungui kama ninyi. Anachana pakiti kwa dole gumba, anazilaza kadi kifudifudi, migongo juu, kwa sababu namba ipo mgongoni, kwenye kona. Jicho lake haliendi mahali pengine. Anazipitisha kama vipuri.

"Arobaini na nne, ninayo. Mia tatu na mbili, ninayo. Kumi na tisa, ninayo."

Kadi aliyonayo tayari inaitwa pacha, na pacha hutupwa kwenye boksi la viatu miguuni pake. Kwenye pakiti ya sita ikatokea moja inang'aa, ina saini ya mchezaji mkubwa kwa wino wa bluu. Mtu mwingine angepiga magoti. Verlin aliisukuma pembeni kwa kiwiko.

"Takataka," akasema. "Haimo kwenye seti."

"Nipe mimi hiyo takataka."

"Nitabadilishana. Una nini?"

"Nina kiu. Kahawa yangu iko juu ya friji."

Hakucheka. Mwendo ukawa ule ule. "Mia mbili sabini na moja, ninayo. Nane, ninayo." Pakiti ishirini. Ishirini na mbili. Kwenye pakiti ya ishirini na nne, ya mwisho, vidole vyake vilipunguza mwendo, na mimi Arlo, mnayenijua kwa mdomo, nikaacha hata kudai kahawa. Akasoma kadi ya mwisho.

"Tisini na tano," akasema. "Ninayo."

Kwenye orodha yangu kulikuwa na nafasi moja tupu.

Noreen alitokea jikoni, mikono ina unga wa kupakia kuku wa kesho. "Si umpigie simu tu mwanao? Ana boksi zima la hizo kadi, kampuni ilimpa mwenyewe. Atakuletea hata kumi."

"Noreen, sichukui kadi ya kupewa. Hujui hilo?"

"Nalijua tangu tulipooana. Hata keki ya harusi nilidhani utataka tubadilishane." Akarudi jikoni.

Verlin akasukuma boksi la viatu kwa mguu hadi kwangu. Mapacha yote ya mwaka hunipa mimi, ndiyo maana nasema mkusanyaji mkubwa ni mimi, kwa idadi nimemzidi mbali. "Chukua," akasema. "Sitaki kuyaona." Na akabaki kuiangalia ile nafasi tupu kama mtu aliyeng'olewa jino.

Nikatoka nalo hadi barazani na kahawa yangu. Sasa, mimi sijui namba. Mimi nakusanya sharubu. Nyumbani nina albamu ya wenye sharubu, ya wenye vitambi, na ya wale waliopigwa picha wamefumba macho. Kwa hiyo mimi kadi naziangalia usoni. Nikapekua, nikapekua, na pale katikati ya boksi, mkono nyuma ya kichwa, ulimi umemtoka kidogo upande wa kushoto wa mdomo, nani? Mpwa wangu Garrett!

Nikaigeuza. Jina: Garrett Dombek. Namba: 271. Waliochapisha walikosea, wakageuza tarakimu. Nikaendelea kupekua, nikampata wa pili. Kisha wa tatu! Mtoto alikuwa amerudi nyumbani kwa baba yake mara tatu, na mara zote tatu akasomwa mgongo, akaambiwa "ninayo," akatupwa kwenye boksi la viatu.

Mtu mwema angekimbia ndani kupiga kelele. Mimi nilimaliza kahawa kwanza. Kisha nikaingia, nikasimama mlangoni, boksi kwapani na kadi moja nimeiegemeza kifuani, mgongo wake ndio unaomwelekea.

"Shemeji, nina mia mbili na kumi na saba. Tubadilishane."

"Acha mchezo wako, Arlo. Hiyo ni mia mbili sabini na moja, naiona hapa nilipo."

"Unaona namba. Upande wa pili yupo Garrett."

Nikamwonyesha kwa kufumba na kufumbua, nikaificha mfukoni. Akasimama, kiti kikaanguka. Uso ulimbadilika rangi mara mbili: kwanza furaha, halafu akatazama lile boksi la viatu, akaelewa.

"Unataka nini?" akauliza kwa sauti ndogo. "Chukua ile ya saini. Chukua mashine ya kukatia nyasi."

"Mashine yako haiwaki. Nataka jibu moja tu. Garrett akirusha mpira, ulimi wake anaufanyaje?"

"Ulimi?"

"Ulimi, shemeji. Ule wa mdomoni."

Akafikiri. "Mechi ya kwanza alirusha mipira tisini na nne," akasema, "sitini na moja ikawa mizuri. Ya pili..."

"Sikukuuliza hesabu."

Jikoni Noreen alikuwa ameacha kukoroga. Sote watatu tulijua. Tangu Garrett akiwa na miaka saba Verlin hakukosa mechi hata moja, mvua au jua, na katika mechi zote hizo alikuwa ameinamia daftari la alama na penseli yake, anaandika kila mpira. Yale madaftari yapo chini ya kitanda, masanduku manne. Ulimi haumo.

"Sijui," akasema hatimaye.

"Basi hadi kesho," nikamwambia, nikaenda zangu. Noreen hakunisindikiza mlangoni, ila alinifungia paja la kuku kwenye karatasi, na kwa dada yangu hilo ni sawa na kupigiwa makofi.

Jumapili Garrett akaja baada ya ibada. Hata hajavua koti, Verlin akamwambia, "Twende uani. Nirushie mipira."

"Baba, kiwiko changu..."

"Polepole tu. Mimi mwenyewe mzee."

"Daftari lako liko wapi?"

"Leo sina."

Garrett akanitazama. Nikatazama mawingu. Wakavaa glavu za zamani, zimekauka kama mkate wa wiki jana, wakasimama kila mtu upande wake wa nyasi, ndefu kwa kuwa, kama nilivyosema, mashine haiwaki. Garrett akarusha mmoja, kwa upole. Verlin akaudaka. Wa pili akaudaka. Wa tatu Garrett akajisahau, akanyanyua mguu kama zamani, mkono nyuma ya kichwa.

"Ulimi!" Verlin akapiga kelele. "Upande wa kushoto! Anautoa kushoto!"

Mpira ukampiga tumboni, akaketi kwenye nyasi.

"Baba! Umeumia?"

"Tangu lini unafanya hivyo?" Verlin akauliza, bado amekaa chini, anamkodolea macho.

"Tangu nikiwa mdogo. Mama ananitania kila siku."

"Na hizi ndevu?"

"Baba, nina ndevu mwaka wa sita huu."

Nikamfuata pale pale chini nikampa kadi yake. Mtadhani aliibusu. Aliinua juani, akakagua kona zote nne. "Hii ya juu umeichubua," akaniambia. "Umeishika na mikono ya kuku."

Nikatoa zile mbili nyingine, achague. Akachukua zote tatu.

Mezani albamu ilikuwa wazi, Garrett kwenye mfuko wa 217, sura mbele. Verlin alimwangalia wa kwenye mfuko, akamwangalia wa kwenye kiti, akarudia, hadi Garrett akauliza kama ana viazi kwenye ndevu.

Jumatatu asubuhi simu ikalia. Verlin.

"Arlo, nimewaza. Kama hii ina namba ya makosa, huenda wamechapisha nyingine yenye namba sahihi. Bila hiyo seti haijakamilika. Nimeshanunua boksi. Njoo, na unawe."

Nikaenda, nikanawa. Akachana pakiti ya kwanza, akazilaza kadi sura juu, akawa anawaangalia wachezaji mmoja mmoja usoni, huyu ana kovu, huyu kafumba macho, ndipo anageuza kusoma namba. Boksi ambalo huwa tunalimaliza kwa dakika arobaini lilitupeleka hadi chakula cha mchana. Garrett hakuwemo. Nilipata sharubu sita.