Simu Isiyo na Shikamoo

Kaka yangu mkubwa ananizidi miaka kumi na sita. Alibeba magunia Isaka, kwenye bandari kavu, mpaka mgongo ukagoma, ili mimi nisome. Nilikuwa sijawahi kumpigia simu bila kuanza na shikamoo, na yeye huwa hasemi neno mpaka aisikie. Kwetu Usukumani salamu haina haraka. Utaulizwa ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, ndipo ulete shida yako. Utotoni nilichapwa kwa kuingia nyumba ya watu na kuanza moja kwa moja na "mama anaomba chumvi." Nimelelewa hivyo, na bado nikafanya nilichofanya.

Mwaka huo kaka alikuwa anasimamia duara, yaani shimo la wachimbaji wadogo, upande wa Geita. Mvua zilikuwa zimenyesha wiki mbili mfululizo na ukuta mmoja wa shimo ukatoa ufa. Watu wake walikaa juu siku nne, wanacheza karata na kununa. Mimi nilikuwa nasomea uimara wa miamba, shahada ya pili, nimepanga chumba Kambarage, hapa Shinyanga mjini.

"Si wewe ndiye msomi wetu?" kaka akaniambia. "Haya, tushuke au tusishuke?"

Akanitumia vipimo na picha za ule ufa. Kusema kweli, nilivimba kichwa.

Hesabu za namna hiyo kompyuta yangu ndogo haiziwezi. Nilizituma kwenye mtambo wa pamoja wa chuo, kompyuta nyingi zilizounganishwa mahali pamoja, ambazo mamia yetu tunazitumia kwa intaneti. Huko huweki programu yako mwenyewe. Zipo tayari, kila moja na matoleo yake. Unaomba orodha, unachagua, unaipakia, kisha kazi yako inapanga foleni. Ukitaja jina la programu bila namba ya toleo, mtambo unakupa lile ambalo wasimamizi wameliweka kuwa la kawaida. Sisi wenyeji tulitaja jina tu. Kuandika namba tuliona ni mambo ya wageni.

Na kila unapoingia, kabla ya kitu chochote, mtambo unakuandikia salamu ndefu: karibu, kanuni hizi, matangazo haya. Sikuwahi kuisoma hata siku moja.

Asubuhi ile niliipita kama kawaida, nikataja jina, nikapakia, nikatuma kazi. Saa sita mchana majibu yalikuwa tayari: ukuta unashika. Nikamwandikia kaka, "Shikamoo kaka. Ukuta unashika, mnaweza kushuka." Akajibu marahaba, akasema zamu ya watu wanne itaingia saa nane.

Nikala wali na dagaa, nikajipumzisha. Saa nane na dakika chache nikafungua faili la majibu ili niandike ripoti nzuri ya kumwonyesha mwalimu wangu. Mstari wa kwanza ulikuwa na namba ya toleo, na haikuwa ile niliyoizoea. Nikatoka kwenye mtambo, nikaingia upya, na kwa mara ya kwanza nikaisoma ile salamu. Tangazo lilikuwepo tangu Jumatatu: toleo la kawaida la programu hiyo limebadilishwa, na toleo jipya, tofauti na la zamani, linahesabu ardhi kuwa kavu isipokuwa mtumiaji aliambie kuna maji.

Sikuliambia. Nilikuwa nimepima shimo la kiangazi, na watu walikuwa wanashuka kwenye shimo la masika.

Kinachofuata naona aibu kukiandika. Sikumpigia kaka papo hapo. Nilipakia toleo la zamani, safari hii kwa namba yake, nikatuma kazi, nikakaa kuitazama foleni. Kulikuwa na kazi kumi na moja mbele yangu. Nilitaka kwanza niwe na hakika, nisionekane mjinga mbele ya mtu aliyenisomesha. Nikaendelea kungoja. Foleni haikusogea. Nikamfikiria kaka akijifunga kamba kiunoni, ndipo nikashika simu.

Haikupokelewa. Nikapiga tena, ikaita mpaka ikakata. Tena, vilevile. Mara ya nne akapokea, akanyamaza kama kawaida yake, akisubiri.

"Watoe watu," nikasema.

Nikaongeza sauti:

"Kaka, nimekosea. Watoe."

Hakuuliza kitu. Nadhani simu aliiangusha, maana ilibaki wazi na nikamsikia akiwapigia kelele vijana wake walioko shimoni, kwa Kisukuma kwanza: "Bayanda! Tokeni! Acheni kila kitu, tokeni!" Kisha nikasikia kamba ikivutwa na kaka akiwahesabu wanaofika juu. Mmoja. Wawili. Watatu. Halafu pakapita muda mrefu hata nikakaa sakafuni, nikalia kwa sauti, mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kulikoni. Wanne.

Aliporudi kwenye simu alikuwa anahema.

"Nilipokosa shikamoo yako," akasema, "nilijua kuna kifo."

Majibu sahihi yalitoka jioni. Ukuta haushiki. Wiki iliyofuata upande ule ulishuka wote, mchana, pamoja na magogo yaliyouegemeza, shimo likiwa tupu. Kaka alinitumia picha bila maneno. Hajawahi kunilaumu, na mara nyingine natamani anilaumu.

Siku hizi salamu ya mtambo naisoma mpaka mwisho, na namba ya toleo naiandika hata pasipo na haja. Kaka naye amebadilika kitu kimoja. Nikimpigia, hata kama nataka tu kuwajulia hali watoto wake, anapokea na kunyamaza kama zamani, ila sasa nasikia kwamba amezuia pumzi. Naiwahisha shikamoo, naisema haraka kuliko adabu inavyotaka, ndipo namsikia akipumua.