Dobi Aliyeshukiwa Kuuza Siri ya Pani

Saa kumi na moja alfajiri ya Ijumaa, katika chumba cha kufulia cha hospitali moja mjini San Fernando, Trinidad, Oletha Sealey anakunja shuka huku akiimba noti moja ndefu. Haimbi wimbo. Mashine kubwa ya kukaushia huvuma kwa sauti ileile mwaka mzima, naye ameshaifanya besi yake. Yenyewe inavuma chini, yeye anapandisha sauti ya tatu juu yake, halafu ya tano, halafu anarudi.

"Huyu ananitia wazimu," anasema Parbatee Sookdeo, mwenzake wa zamu. "Shoga, siku mashine ikifa utafanya mtihani wako wa muziki na nani?"

Oletha anacheka. Mapema wiki hii hakuwa na kicheko cha kumpa mtu.

Ana miaka arobaini na mitatu, na tangu akiwa msichana wa shule amekuwa akipiga pani, ala ya chuma inayotengenezwa kwa pipa la mafuta. Yake ni ya sauti ya kwanza, mstari wa mbele kabisa, katika bendi ya Royal Anchors. Shindano kubwa la kabla ya Kanivali ni kesho. Jumapili iliyopita, siku moja baada ya nusu fainali, alifika kwenye uwanja wa mazoezi wa bendi akakuta pani yake imesukumwa nyuma ya banda na kufunikwa turubai. Hakuna aliyemweleza kitu. Alisalimia, salamu ikaishia hewani.

Kisa chenyewe ni shule. Kila Jumanne na Alhamisi jioni Oletha husoma nadharia ya muziki na upatanifu wa sauti, ngazi ya kati, katika chuo kimoja cha hapo mjini. Karo analipa kwa zamu za ziada. Mwalimu wake, Desmond Achong, ndiye pia anayeipangia muziki Silver Tamarinds, mahasimu wa Anchors wa tangu na tangu.

"Ungekuwa wewe ungepata usingizi?" anauliza Ignatius Pantin, kapteni na mpiga besi wa Anchors, fundi bomba mwenye kifua kipana na macho yasiyomwamini mtu. "Mtu wako anakwenda kwa adui mara mbili kwa wiki. Tena na kalamu."

Kalamu ndiyo iliyowauma. Anchors hawaandiki noti. Mpangaji wao wa muziki, Mzee Cuthbert Lezama, huja na muziki kichwani akaugawa mkono kwa mkono: hawa kipande hiki, wale kile, kila kundi kivyake, mpaka vidole vikariri. Mpiga besi hajui wa mbele anapiga nini mpaka siku ya kuunganisha, na siku hiyo mwendo ni wa mbio, nani ana nafasi ya kusikiliza? Kipande cha mwisho ndicho kinachofichwa hasa. Hufanyiwa mazoezi kwa vijiti vilivyovishwa soksi, wapita njia wasinase kitu, na hakipigwi hadharani mpaka fainali.

Mwaka huu kipande hicho kina mteremko. Besi inashuka ngazi kwa ngazi, huku sauti ya kwanza imeng'ang'ania noti moja haibanduki. Mzee Lezama aliwaambia kilimjia usingizini.

Basi kwenye nusu fainali Silver Tamarinds wakapanda jukwaani, wakateremka mteremko uleule.

"Besi iliposhuka ngazi ya pili tu, nikaitambua," anasema Oletha. "Kugeuka, nikakuta wenzangu wote wananitazama mimi. Hawakuitazama Tamarinds. Mimi."

Hakuuza kitu, na alilijua hilo. Lakini shaka haikumwacha hata yeye. Alikumbuka kwamba darasani ana tabia ya kugonga dawati kwa vidole. Je, kama vidole vyake viligonga kipande cha siri, na Achong akakisikia?

"Nilianza kujishuku mwenyewe," anasema. "Nikamshuku mwalimu. Nikamshuku hata binti anayekaa nyuma yangu, maskini, anayekuja pale na gitaa lake. Nilikuwa naumwa kweli."

Jumanne alimvaa Achong uso kwa uso kabla ya kipindi. Hakuzunguka. Mwalimu alimtazama, akakaa kwenye piano, akapiga mteremko ule polepole.

"Mama, hii haina mwenyewe," akamwambia. "Iko kila mahali. Wewe mara ya mwisho ulimzika nani?"

Oletha akaugonga mteremko ule kwa vidole kwenye dawati, polepole vilevile, mpaka akautambua.

Jumatano jioni alikwenda uwanjani bila kualikwa. Alipita katikati ya watu mpaka kwa wapiga besi, akawaomba kitu kimoja: wapige ule mteremko, lakini taratibu, kama wanasindikiza jeneza.

"Umekuja kutuamrisha?" kapteni akamuuliza.

"Nimekuja kuomba, Kapteni. Mkimaliza nifukuzeni."

Wakapiga kwa kununa. Oletha akavuta turubai, akaanza na ile noti yake moja, kisha akaiachia iende mahali ambapo siku zote ilitaka kwenda. Mpiga besi mmoja akavua kofia kabla hata hajajua kwa nini. Ulikuwa wimbo wao wa kuzikia, ule ambao Anchors humpigia kila mwenzao anapolazwa kaburini. Walikuwa wameufanyia mazoezi tangu Krismasi, na hakuna aliyeutambua, kwa sababu kila mmoja alishika kipande chake tu, kwa mbio.

Mara ya mwisho waliupiga Pasaka iliyopita, wakimzika mama yake Mzee Lezama.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kreti ya soda. "Kweli kilinijia usingizini," akasema. "Sikukiuliza kimetoka wapi. Jumapili nilianza kuelewa, nikaogopa mtaniona nimezeeka."

"Ukaniacha mimi nifunikwe turubai," Oletha akamjibu.

Hilo bado linamchoma, wala hafichi. "Nampenda Mzee kama baba," anasema. "Lakini alijua, akanyamaza. Hilo nimelimeza, halijashuka."

Mtu angedhani mambo yaliishia hapo. Kapteni Pantin hakuwa na haraka hiyo.

"Sawa," alisema mbele ya wote. "Na Achong nani alimwambia sisi tunazika kwa wimbo gani?"

"Alikuja mazishini, Kapteni. Ulimpakulia wali wa pelau kwa mkono wako, akaomba aongezewe," akasema Oletha.

Watu walicheka, lakini kapteni alitoa sharti. Pani itarudi mstari wa mbele, ila yeye mwenyewe atakwenda chuoni Alhamisi kuona huyu mwanamke anakabidhi nini.

Jana akaenda. Alikaa nyuma kabisa, mikono kaikunja kifuani, akiukagua ubao kama bomba linalovuja. Darasa lilikuwa na zoezi la sauti nne na hakuna wa kuimba chini. Achong akamnyooshea kidole: "Wewe mwenye kifua, tuimbie besi." Kapteni akatazama mlango, akaimba.

Mtihani wa Oletha ni baada ya Kanivali. Mzee Lezama ameshasema mwaka huu ni wake wa mwisho, na Oletha anataka kuipangia Anchors muziki mwakani. Hakuna mwanamke aliyewahi kufanya hivyo katika uwanja ule.

Kapteni anasema bado hamwamini. Kwa ajili hiyo kesho pani zake za besi zitakaa nyuma ya Oletha moja kwa moja, amwone mikono, na kipindi kijacho atakwenda tena chuoni.

"Kulinda," anasema. "Kulinda tu."

Oletha anakunja shuka ya mwisho ya zamu. "Aje," anasema. "Jana aliazima penseli yangu ya kulindia. Hajairudisha."